Jina Lililobaki Wazi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa mabango na maandishi ya ukutani. Saluni, bucha, gereji, mlango wa zahanati: mtaani kwetu ni vigumu kukuta neno la rangi ambalo halikupita mkononi mwake. Aliwahi kuandika "Usikojoe hapa" nyuma ya soko kwa herufi nzuri mno, watu wakawa wanasimama kuzitazama, na wengine, wakishasimama, wakakojoa. Kila akisimulia hiyo hucheka mpaka anakohoa.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ukuta wa ghala la zamani, jirani na chumba ambamo vijana walikuwa wanarekodi muziki. Ujanani alichora majalada ya kanda, na huko ndiko alikojifunza kwamba kila muziki una mwandiko wake. Herufi za rege huzilaza, zikaegemeana kama watu walioshiba. Za roki huzichonga ncha. Za rapu huzibananisha, moja ikiisukuma nyingine kama foleni ya maji.

Kikundi cha rapu kilipomwomba aandike majina yao pale ghalani, aliwapa sharti: kila mmoja aimbe kwanza. Yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chaki mkononi, macho kayafumba. Hakuandika jina la mtu ambaye hajamsikia.

"Fundi, mbona umeninenepesha?" alilalamika binti mmoja aliyejiita Kipaza, jina lake lilipokamilika.

"Sauti yako nene, mwanangu. Ulitaka nikudhulumu?"

Tena, aliye hai alimwandika kwa mstari wa nje tu, katikati akaacha weupe wa ukuta. Mtu akifa, ndipo alipokwenda kumjaza rangi. "Mtu akiwa hai hatujamaliza kumwandika," alisema, na vijana wakaichukua kama sheria. Siku ya mazishi walitoka makaburini wakaja moja kwa moja ghalani. Yeye akijaza, wao wanaimba, na brashi ikishawekwa chini wafiwa wanashikwa mikono na kupewa pole.

Mwanawe wa pekee, mpwa wangu, alikuwa mmoja wa kikundi hicho. Walimwita Mwangwi kwa sababu tangu mdogo alirudia kila alichosikia, hata kikohozi cha baba yake. Herufi za jina lake zina nafasi kubwa kati yake, maana ndivyo alivyoimba: anaruka, ananyamaza, anaruka tena.

Masika moja walikodi lori kwenda kutumbuiza mji wa pili. Daraja lilikuwa chini ya maji na dereva akajaribu kupita, lori likasombwa. Kipaza aling'ang'ania mti, akaokolewa. Wenzake wawili walipatikana siku zilizofuata, wakazikwa, majina yao yakajazwa. Mwangwi hakuonekana.

"Hajapatikana, hajafa," alisema shemeji. Waliokuja nyumbani kutoa pole aliwauliza, "Pole ya nini?" Hata Kipaza, aliyekuja mkono bado ukiwa kwenye bandeji, aliulizwa hivyo hivyo. Watu wakaacha kuja. Miaka ikapita. Chumba cha kijana kilifagiliwa, shuka likabadilishwa, na kila mvua zikiisha shemeji alikwenda ghalani kuurudishia ule mstari wa nje, kwa sababu jua na maji vilikuwa vinaufuta.

Dada hakugombana naye. Alipungua tu. Siku moja tukichambua mchele aliniambia, bila kuinua uso, "Mama zao wale wawili wakilia, wanabembelezwa. Mimi nikilia naulizwa nimesikia habari gani."

"Umeongea naye?"

"Nimeongea. Anasema nataka kumzika mwanawe. Mwanawe! Kana kwamba mimi nilimwokota."

Masika yaliyopita mstari ulififia tena. Asubuhi moja dada akanigongea dirisha, kopo la rangi nyekundu ya mumewe mkononi. "Twende ukanishikie ngazi," alisema. Nilijua tunakwenda wapi, nikavaa viatu.

Hakuwahi kushika brashi maishani. Rangi ilivuka mstari, ikachuruzika ukutani mpaka chini. Alikuwa kwenye herufi ya nne shemeji alipotokea, miguu peku. Alikuta kopo halipo akaelewa.

"Shuka, mama. Utaanguka."

"Sishuki."

"Akirudi nitamwambia nini?"

Dada aliegemeza paji la uso kwenye kidato cha ngazi. "Baba Mwangwi," alisema, "miaka yote hii nimesubiri na wewe. Leo subiri na mimi. Nimalize."

Shemeji akaitazama ile michirizi. Huyu ni mtu ambaye kwa tone moja hukwangua herufi nzima akaanza upya. Alitoa kitambaa mfukoni, akakinyoosha kuelekea mchirizi ulio karibu, kisha akakirudisha, akaanza kujifuta vidole ambavyo havikuwa na rangi.

"Brashi umeishibisha mno," alisema kwa sauti ndogo. "Ikamulie kwanza kwenye ukingo wa kopo."

Dada akaikamulia. Shemeji akanisogeza kwa bega, akaishika ngazi mwenyewe.

Kipaza, ambaye siku hizi anasuka nywele katika saluni iliyo mkabala na ghala, alitoka nje, chanuo bado mkononi, akatuona. Alivuka barabara taratibu. Akaanza kuimba chini chini ubeti wa Mwangwi, na kila Mwangwi alipokuwa akinyamaza, naye alinyamaza.

Brashi ilipowekwa chini, alimshika dada mkono. "Pole, mama."

Dada alilia kwa sauti, pale pale barabarani, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kipaza akamgeukia shemeji. Alisita, akautoa mkono nusu. "Pole, baba."

Shemeji aliupokea kwa mikono yote miwili, wala hakuuachia upesi. "Asante, mwanangu," alisema. Kisha akaketi chini, mgongo ukutani, na rangi mbichi ikamchafua shati.