Stroberi za Demetria wa Pugu

Mwaka 1952 Demetria alipokea miche ishirini ya stroberi, na tangu siku hiyo majirani zake wa Pugu wakaanza kumtazama kwa jicho la huruma. Miche hiyo aliletewa na binamu yake Revelian, aliyekuwa akitunza bustani huko Lushoto, ikiwa imeviringishwa kwenye gunia bichi. Audax, mume wa Demetria, karani wa ghala moja mjini, alisema matunda ya baridi hayataliweza joto la Pwani. Demetria hakumbishia. Alitengeneza tuta upande wa mashariki wa nyumba, mahali panapopata jua la asubuhi tu, akapanda.

Miche kumi na mitatu ilikufa. Saba ikashika. Ua la kwanza lilipochanua alimwita jirani yake Filomena, wakachuchumaa wote wawili kulitazama, wakawa wanacheka bila kujua hasa wanachekea nini.

Tunda la kwanza lililiwa na konokono uchi, wale wasiobeba nyumba mgongoni. Demetria akazungushia tuta majivu. Mvua ikanyesha, majivu yakaenda na maji. Ndipo mume wa Filomena, Polikarpo, Mmakonde mchonga vinyago, alipompa gunia la maranda, akamweleza kwamba mnyama anayetambaa kwa tumbo hapendi kukwaruzwa. Demetria akayatandaza maranda chini ya majani, akachanganya na maganda ya mayai yaliyopondwa. Konokono hawakurudi. Vidukari walipojazana kwenye vikonyo, alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka, akanyunyizia maji yake kwa kicha cha nyasi. Nao wakaisha. Demetria akawa anatembea uani huku akiimba nyimbo za kwao Bukoba kwa sauti iliyofika barabarani.

Walibaki ndege. Shore walikuwa wakisubiri tunda ligeuke rangi, kisha wanalitoboa kabla yeye hajaamka. Alikwenda kumlalamikia Polikarpo, karibu kulia.

“Dada, matunda bado mabichi?” Polikarpo aliuliza.

“Mabichi yote.”

“Basi tuwawahi. Nitawachongea ya kwao.”

Kwa siku mbili alichonga stroberi za mti, kumi na mbili, na vidoti vyake vya mbegu. Filomena akazipaka rangi nyekundu ya mzingifuri iliyokorogwa na mafuta ya nazi. Wakazitundika kati ya majani, wakajificha nyuma ya dirisha. Shore wa kwanza akatua, akadonoa, akatikisa kichwa. Akadonoa tena. Filomena alijiziba mdomo kwa kanga, na Demetria ilibidi akae sakafuni kwa kicheko. Baada ya siku nne ndege waliliona tuta lile kuwa halina maana, wakahamia kwenye mipapai.

Asubuhi ya Jumamosi Audax alikaa kunywa chai. Demetria alimmiminia, akamwangalia, akaweka birika chini. Midomo ya mumewe ilikuwa myekundu kama ya bibi harusi, na meno pia.

“Baba, umekula nini?”

“Sijala kitu.”

“Hata huko bustanini?”

Audax akasema, kwa heshima yote ya karani aliyekwishafunga tai, kwamba stroberi ni tunda gumu sana na haelewi Wazungu wanalipendea nini. Demetria alijaribu kumweleza, maneno yakakataa kutoka. Alicheka mpaka akamshika bega asianguke, na Audax, alipoelewa, akacheka naye mpaka chai ikamwagika na treni ya kwenda mjini ikamwacha.

Wiki iliyofuata matunda ya kweli yaliiva tisa kwa mpigo. Demetria aliyachuma mwenyewe, akilipapasa kila moja kwanza kama anayetafuta joto la mtoto, akawaita Polikarpo na Filomena. Wote wanne, Audax akiwamo, wakala wamesimama kwenye maranda, mawili mawili. Tunda la tisa walilikata vipande vinne kwa kisu cha kuchongea, na Filomena, aliyelamba kidole chake muda mrefu, akauliza kama Revelian hana miche mingine.