Mbao Niliyoibishia Hodi

Aibu hii, jamani, naisimulia kwa kinywa changu kwa sababu Mji wa Kale mzima ushaisimulia, na kila mtu anatia chumvi yake, basi bora mnisikie mimi niliyeaibika.

Mwanijua: mimi ndiye Sefu Mbao, darasa la nne sikulimaliza, leo nina godauni langu Shimanzi na kila mbao inayotoka humo ina alama ya SEFU kwa rangi nyekundu. Mbao naibishia hodi kwa kidole, nainusa, nakwambia mti gani. Sasa Bi Zainabu alikuwa akiijenga upya nyumba ya bibi yake, na kazi ile niliitaka kuliko chakula (nyumba ya Mji wa Kale ikisimama kwa mbao zako, umesimama wewe!), ila injinia wake, binti mmoja aitwaye Mumbua, alitaka boriti za mbao za gundi, yaani vipande vidogo vilivyobandikwa vikawa kitu kimoja. Nikacheka hadi majirani wakajaa barazani.

"Mbao za gundi ni andazi la juzi! Nifungeni macho, nitazijua kwa pua!"

Bi Zainabu akaleta leso. "Haya, mwanangu. Ukipatia, kazi yako yote."

Nikafungwa, nikawekewa vipande viwili. Cha kwanza, ko ko, nikanusa, moyo ukaruka. "Msaji! Mti mmoja, hauna tone la gundi!" Watu wakaguna (nikadhani ni heshima). Cha pili gundi ikanichoma pua. "Takataka!" Na ili waamini nikakipiga teke, nami nimevaa kandambili, yakhe, kidole gumba kikaita mama, nikaruka kwa mguu mmoja na leso usoni mpaka nikaketi ndani ya karai la chokaa!

Leso ilipofunguliwa, takataka ilikuwa kipande kizima cha mbambakofi, mti mgumu wa kwetu pwani, ubavuni SEFU kwa rangi nyekundu (kumbe kililala godauni kwangu kando ya mikebe ya gundi). Na ule mti wangu mmoja ulikuwa na matabaka kama mkate wa ajemi.

"Msaji ni msaji kweli, baba," Mumbua akasema bila kucheka, ndicho kilichoniuma. "Ila ni miti michanga ya shamba, tumeiunga. Mbambakofi wako tuuweke milangoni, tusiukate mwingine kwa ajili ya dari."

Bi Zainabu akapangusa machozi ya kicheko. "Sefu, ulibisha hodi au ulivunja mlango?"

Basi nikapata milango tu. Lakini siku boriti zile zinapandishwa nilikuwa wa kwanza kushika kamba, na zilipovuka vyumba viwili vikawa sebule moja bila nguzo, pahali ambapo boriti za zamani za mikoko zisingefika, wallahi nilipiga makofi kuliko mwenye nyumba!

Macho sifungwi tena, hata na mke wangu kwa mzaha. Na mbao bado naibishia hodi, ila siku hizi nangoja iitike kwanza.