Muhindi Aliyekaa kwa Kigoda cha Kiema

Wasee, hii nilipewa na susu yangu Kavata mwenyewe, na nyanya huyo hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Mwaka wa 1936, hapa Kibwezi, mwanaume mzima aliruka kutoka kwa kigoda cha Kiema, akatoroka mdomo ukiwa wazi. Kofia aliiacha.

Kiema alikuwa babake susu. Kazi yake ilikuwa kuchonga meno kwa patasi. Siku hizo, ukienda ngomani na meno butu, nani angekutazama?

Sasa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa akilenga jino moja, anagonga jirani yake.

Wateja wakaisha. Na zamu ya Kavata ilikuwa imefika. Tangu akiwa mdogo, baba alimwahidi kumchonga kwa mkono wake mwenyewe.

"Tumpeleke kwa fundi wa Makindu, Baba Kavata," mkewe Ndinda akasema.

"Aiya! Mtoto wangu aguswe na patasi ya mtu mwingine?"

Alifoka hivyo huku kikombe kikimmwagia chai mapajani.

Akaenda dukani kwa Jivraj, Muhindi aliyejua dawa za kwao. Jivraj akamshika mkono, akamwambia atoe ulimi.

"Wewe nakunywa nini?"

"Chai ya rangi. Jogoo akiwika mpaka nilale. Na ugoro kidogo."

"Kidogo gani?"

Kiema akatoa kopo zima la ugoro.

"Chai hapana. Ugoro hapana. Lala mapema. Paka mikono mafuta ya simsim, pumua pole pole. Na mbegu ya hii, chemsha na maziwa, menya, saga."

Kuona ganda kavu alilolishika Jivraj, Kiema aliruka mpaka mlangoni.

"Hiyo ni upupu! Unataka kuniua?"

"Manyoya ndio mbaya. Mbegu iko dawa. Kwetu napa mtu ya kutetemeka."

Upupu ulijaa kando ya mto, basi Kiema akaenda kuuchuma. Mikono mitupu, jamani.

Alirudi akijikuna, akiruka, akijisugua kwa kila mti. "Maskini," majirani wakasema, "sasa ugonjwa umeshika mwili mzima."

Lakini alikuwa mbishi, na ubishi huo ulimfaa. Alimeza mbegu zake, akapaka mafuta, akaacha ugoro. Chai je? Jivraj alikataa kumuuzia majani hata aombe vipi. Mwenye duka anafukuza mteja, umewahi kuona?

Miezi ikapita. Asubuhi moja Kiema alimimina maziwa, na hakuna tone lililoanguka nje.

"Kavata, njoo ukae!"

"Hakai," Ndinda akasema. "Chonga mtu mwingine kwanza, nione."

Mtu mwingine yupi? Kibwezi nzima ilikuwa imefunga mdomo.

Kiema akachukua kigoda chake, akaingia nacho dukani. Ndinda na Kavata wakamfuata.

"Bwana Jivraj, dawa yako inafanya kazi?"

"Kabisa!"

"Basi kaa."

Jivraj alikuwa na jino lililovunjika, ncha inamkata ulimi kila siku, na wateja wote walijua. Akatazama patasi. Akawatazama wateja. Akakaa.

Susu alisema mtetemeko ulikuwepo siku hiyo, ila haukuwa wa Kiema. Jivraj alitetemeka magoti yakigonga kaunta, mpaka viberiti vikaanguka. Patasi ikalia mara moja, na ile ncha ikatoka. Muhindi akapitisha ulimi pale, akacheka mpaka machozi.

Ndinda akamsukuma Kavata mbele.

Mimi nilimkuta susu akiwa mzee, na meno yake ya mbele yamechongoka vizuri sana. Moja tu lilikuwa limeenda kombo.

"Susu, si ulisema mikono ilipona?"

"Ilipona. Hilo lilikuwa la mwisho. Aliniona nimekuwa mtu mzima, akaanza kulia."

Kila akifika hapo, aliligusa lile jino kwa ulimi. Hakuna jino alilolipenda kama hilo.

Kwa hivyo wewe unayegawia watu dawa kila mahali, jiulize kwanza kama ungekaa kwa kigoda cha mgonjwa wako. Na upupu, tafadhali, waachie wanaoujua.