Makofi Yaliyowahi

Mwaka jana nilipanda jukwaani mbele ya watu wazito wa Mtwara, nikashuka bila kutoa hata sauti moja. Tangu siku ile sijaimba tena.

Acheni niwasimulie, maana bado naungua kifuani.

Mimi naitwa Sabra, nilikuwa kwenye kwaya ya chuo. Baba yangu analima korosho kijijini, na kwake kwaya ni mambo ya kanisani, basi. Kila nikirudi likizo ni vita.

Mwisho nikamwambia, "Baba, njoo unisikie mara moja tu. Ukisema niache, naacha."

"Umesema mwenyewe," akajibu.

Onyesho lilikuwa Shangani, pale pale Mtwara mjini. Kwaya na okestra ya chuo, simfonia kubwa ya Kijerumani, muziki mrefu wa vinanda. Sasa simfonia ile ina maudhi yake. Ina sehemu nne, makofi hungoja zote ziishe, na waimbaji wanaingia kwenye ya mwisho tu. Sehemu tatu zote mmekaa nyuma ya wapiga fidla, kimya, mnatazamana na watu.

Baba alikaa kule nyuma na kanzu yake ya Idi, shingo kairefusha ananitafuta. Aliponiona akatabasamu. Baba yangu, jamani!

Sehemu ya tatu ni ya polepole, inatoa watu machozi. Ikaisha. Mwalimu Gaudensi, kiongozi wetu, akashusha mikono apumue kidogo. Koo langu tayari.

Kule nyuma mtu akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

Jirani zake wakadakia. Mara ukumbi mzima umesimama.

MC wetu, Chande, alikuwa ameshaona mgeni rasmi anatazama saa. Akanyakua maiki.

"Asanteni sana vijana wetu! Tumkaribishe mgeni rasmi!"

"Bado!" Mwalimu Gaudensi akasema. Nani amsikie? Mgeni rasmi ameshainuka, na kwetu hakuna wa kumwambia mgeni rasmi kaa kwanza. Hotuba, picha, soda, watu wakatawanyika.

Nililia, nikamlaani aliyeanzisha yale makofi, nikamlaani kweli kweli.

Nje Baba akaniuliza, "Mbona hukuimba?"

"Muda uliisha, Baba."

"Basi wamekupanga pale kama maua ya mezani. Mwanangu si pambo. Acha."

Nilikuwa nimeahidi. Nikaacha.

Likizo iliyofuata nilimkuta barazani anawasimulia majirani.

"Vile vinanda, wallahi, viliniingia moyoni. Nikasema, mwanangu yuko pale mbele, mimi nikae kama gogo? Nikaanza makofi mwenyewe. Ukumbi mzima ukanifuata! Si kweli, Sabra?"

Wote wakanigeukia. Baba anacheka, uso umemng'aa.

"Kweli, Baba," nikasema, nikaingia ndani kumenya mihogo.

Ndugu zangu, mkimwalika mzazi kwenye jambo lenu, msimwambie njoo tu. Mwambieni na pa kusubiri kabla ya makofi. Mimi sikumwambia, na sasa, nikimwona anavyong'aa, siwezi kumwambia tena.