Sentensi ya Kijani

Darasa letu la Arua liliandika ukurasa wa mtandaoni pamoja na shule moja ya Koboko, kuhusu vyakula vya nyumbani. Yeyote wa pande zote mbili aliweza kuingia na kurekebisha alichoandika mwenzake, kila mtu kwa rangi yake. Mwalimu alisema ukurasa hauna mwenyewe. Kwake ilikuwa rahisi, bibi yake hakuwemo humo.

Mimi nilimwandika bibi yangu wa Ayivu na ugali wake wa muhogo. Niliandika yote: kumenya, kuloweka, kuanika, kusaga. Nilichotaka ni kimoja tu, nimsomee, aseme nimemwandika vizuri.

Asubuhi moja nikafungua kompyuta ya shule, nikakuta katikati ya aya yangu sentensi ya kijani. Kijani kilikuwa cha msichana mmoja wa Koboko. "Bibi husonga ugali kama anagombana nao, halafu huupakua taratibu kama anaomba msamaha." Damu ilinichemka. Huyu hajamwona bibi yangu hata siku moja! Nilitaka kuifuta, nikaisoma tena, na ubaya ni kwamba ilikuwa nzuri. Nilimwonea wivu hadi uji wa saa nne ukanishinda.

Jumamosi nilikwenda Ayivu na simu ya mama, nikamsomea Bibi. Kiswahili alikizoea sokoni, alikouza unga miaka mingi. Kwenye kuloweka aliitikia tu "mm". Kwenye kuanika akafukuza kuku. Nilipofika kwenye ile ya kijani, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Hii sasa iko mimi kabisa! Wewe naandika?"

"Hapana, Bibi. Iko msichana moja ya Koboko."

"Ambia yeye akuje. Mimi napikia yeye."

Muhula ulipoisha, shule zetu zilikutana Arua, nikampeleka yule msichana kwa Bibi, maana Bibi hakuacha kumuulizia. Mgeni alikuwa mpole, mwenye mtandio na adabu zake, jambo lililonikera zaidi. Ningependa awe na maringo. Bibi akasonga, akapakua. Kisha akakwangua ukoko chini ya sufuria, ule ambao tangu nianze kutembea hakuwahi kupewa mtu mwingine ila mimi, akaupuliza upoe, akamwekea mgeni mkononi.