Ng'ombe Aliyegawanywa Akiwa Hai

Vijana wanaokuja kunihoji hupenda niwaambie kwamba sayansi ilinivuta kwa uzuri wake. Uzuri gani? Kazi yangu ya kuchunguza protini za misuli ilianza na uvundo, hapo Same, enzi za Mwingereza, katika maabara ya mifugo iliyokuwa na bati la moto juu na nzi kila mahali. Nilisaga nyama ya mbuzi kwa mashine ya mkono, nikailoweka kwenye maji ya chumvi, nikaikoroga mpaka ikawa uji mzito wa rangi ya makamasi. Ndani ya uji huo ndimo zilimokuwa protini tulizozitafuta. Jokofu letu lilitumia mafuta ya taa, na utambi ulizimika kila upepo wa tambarare ulipojisikia. Hapo uji uliharibika. Nilinawa kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikachubuka, na bado nililala na ile harufu puani.

Bwana mkubwa wangu, Mzungu wa makamo mwenye shingo nyekundu, alikula mkate wake mezani palepale, jamu kando ya bakuli la nyama iliyooza. Aliniita boi, mimi niliyerudi na cheti cha chuo. Lakini kazi aliijua, siwezi kumnyima hilo. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba uzi wa msuli uliohifadhiwa kwenye glisirini, ukiutilia kemikali yake ya nguvu na chembe ya kalsiamu, hujikunja, hata kama mnyama mwenyewe ameshaliwa na kusahauliwa. Bila kalsiamu uzi hulala tu. Mara ya kwanza kuuona ukijikunja nilisisimka mwili mzima, na nilichukia kwamba nimesisimka mbele yake.

Asubuhi moja utingo wa lori lililoshuka kutoka Mamba, kijijini kwetu milimani, aliniletea ujumbe wa mama: ng'ombe amezaa, lakini amelala chini, hanyanyuki. Nilikaa kitako. Mama alikuwa mjane, na ng'ombe alikuwa naye huyo mmoja tu, chotara wa fahali wa misheni. Dada yangu alikuwa amefariki kwa uzazi akaacha mtoto mchanga, na mtoto huyo aliishi kwa maziwa ya kuombaomba. Majirani walishachoka kuombwa. Tumaini la mama lote lilikuwa ng'ombe azae, mtoto apate kunywa.

Nilimweleza bwana mkubwa dalili zake, na macho yakamng'aa. Alisema ng'ombe huyo amemaliza kalsiamu yake, yote imekwenda kwenye maziwa, na misuli imeishiwa. Akachukua chupa ya dawa, ile iliyowekwa kwa ajili ya ng'ombe wa mameneja wa mkonge, akaitia garini. Nilimshukuru njia nzima, milima yote ile, mpaka shukrani zikaniisha. Sikuuliza kisu na mtungi wa glisirini alivyovipakia pamoja nayo ni vya nini.

Tulipofika, majani ya mgomba yalikuwa yametandikwa uani tayari. Ng'ombe alilala shingo imepindia ubavuni, masikio baridi, macho wazi. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kumzunguka na visu vyao, baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akiwa mbele yao. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba bila kumwondolea macho ng'ombe.

Kwetu mnyama ana wenyewe kabla kisu hakijanolewa. Mguu huu wa mjomba, kidari cha wazee, shingo ya mchinjaji. Fungu likishatajwa mbele ya wazee halirudi, na likirudi linaacha ugomvi watakaourithi wajukuu. Tena hakuna anayekula kibudu, kwa hiyo mnyama akizidiwa ni lazima kisu kimuwahi. Baba mkubwa alikuwa ameshayataja mafungu yote tangu alfajiri. Mmoja wao, kwa furaha ya mguu wa nyuma, alikuwa ameleta kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, na kibuyu kilikuwa kimeshanywewa hadi nusu. Ng'ombe akawa anawatazama wanavyopokezana.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, wanasema wahenga. Methali hiyo waliitunga watu ambao hawakuwa na baba mkubwa kama wangu.

Nilimgeukia bwana mkubwa anipe dawa. Alikuwa ameinama anafungua mtungi. Akanijibu kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha.

"Ngoja. Kwanza wao chinja, mimi pata nyama. Dawa haribu."

Alitaka msuli wa ng'ombe aliyeishiwa kalsiamu, ungali wa moto, kabla haujaguswa na kitu. Basi nikasimama pale, huku ndugu zangu na visu vyao, huku Mzungu na chake, na wote wanasubiri jambo moja. Mama alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni analia kile kilio chembamba cha njaa ya siku nyingi.

"Baba," mama akaniambia, "kama una la kufanya, fanya."

Nikaenda garini nikaitwaa chupa. Nilitafuta mshipa wa shingo, nikaiachia dawa ishuke polepole, maana kalsiamu ikiingia kwa pupa huukaza moyo usifunguke tena. Bwana mkubwa aliniita jina ambalo sitaliandika. Nikaendelea. Kwanza ngozi ya ubavuni ilianza kutetemeka, halafu mapaja. Ng'ombe akacheua, akanya, shingo ikanyooka. Kisha akakunja magoti ya mbele, akajisukuma, akasimama.

Nimefanya kazi ng'ambo katika maabara zinazong'aa hadi unaona haya kukanyaga sakafu. Nimeona kwenye kioo cha mashine jinsi kalsiamu inavyofungua njia ili protini mbili zishikane na kuvutana. Sijawahi tena kuiona ikimnyanyua ng'ombe wa mama yangu. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Aliyefurahi alikuwa yeye peke yake.

Wanaume wakaangaliana, wakaangalia kibuyu. Baba mkubwa alijifuta mdomo, akainuka, akanishika bega kwa upole.

"Hongera, mwanangu. Umetupunguzia kazi ya kumburuta. Sasa atatembea mwenyewe mpaka kwenye majani."

Nilidhani ni utani. Nilibisha, nikapiga kelele, nikawaambia kuna mtoto. Wakanijibu taratibu, kama wanaomfundisha mgeni, kwamba mafungu yameshatajwa, dengelua imeshanywewa, na huyo mwenye kibuyu ataambiwa nini? Mtoto ni wa Mungu, atakua tu. Neno la mama hakuna aliyelisikia, mjane atasema nini mbele ya wazee. Mmoja akamtazama Mzungu akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wote wakacheka. Watu wazima hovyo! Sijapata kuwaangalia usoni tena bila kuona meno.

Nikamgeukia bwana mkubwa. Neno lake moja lingetosha, siku zile Mzungu akikohoa kijiji kizima kinasimama. Nilimsihi. Alifikiri kidogo, hasira zikamtoka, akasema hii ni bora zaidi, ng'ombe aliyetoka kupewa kalsiamu sasa hivi. Akaniambia nimshikie mtungi.

Nikaushika. Walimchinja, na bwana mkubwa akapiga magoti, akakata msuli wa paja ungali unacheza, akautumbukiza. Nyuzi zake zilijikunja vizuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Taarifa iliyotokana nazo ilimpa yeye sifa, na mimi, baada ya kusubiri sana, ikanipa nafasi ya kusoma ng'ambo. Cheo changu chote kimesimama juu ya paja lile. Nikisema kinyaa, siusemi uvundo wa nyama.

Fungu la mama lilikuwa kiwele. Ndiyo desturi, mwenye ng'ombe akiwa mwanamke. Baba mkubwa alimkabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kilikuwa kimejaa. Mama alikipokea, akaketi kizingitini, akakipakata, akaweka bakuli chini yake. Akashika chuchu moja, akaanza kukamua. Maziwa yalitoka na wekundu. Akayachuja kwa pembe ya kanga, akamnywesha mtoto, mtoto akanyamaza. Ndipo mama aliponiuliza, kwa sauti yake ya siku zote, kama nadhani hayo yaliyobaki ndani yatafika kesho bila kuharibika.