Salamu Kwenye Dirisha la Majibu

Kwenye dirisha la majibu ya vipimo, katika hospitali moja hapa Morogoro, programu ya kompyuta iligoma. Mbele yangu alisimama mama aliyeshuka kutoka Uluguru alfajiri, na mtoto mgongoni.

"Dada, mtoto anachemka!" alisema, akigonga kioo.

"Nimeshawaandikia," karani alijibu. Programu yao ni ya bure, akatueleza, na wanaoitengeneza kwa kujitolea wako nchi mbalimbali. Ukikwama unawauliza kwenye kundi lao la kuchati.

Dakika ishirini zikapita. Nikachungulia skrini. Alikuwa amewaandikia kwa Kiingereza: habari za asubuhi. Basi.

"Mbona hujauliza?" nikamfokea.

"Hawajaitikia salamu. Nitaanzaje na shida?"

"Uliza, mtoto atazimia!"

Akaandika. Jibu likaja papo hapo: mstari mmoja wa maelekezo, bila salamu wala pole. Printa ikanguruma. Mama akanyakua karatasi, akakimbilia kwa daktari.

Nilishaanza kutunga kichwani safu yangu ya gazetini ya kumcheka karani yule. Ndipo akaniinulia macho.

"Shikamoo, baba. Karibu."

Ilikuwa salamu ya kwanza kupita dirishani pale tangu nifike.